Spika za Nyuma za Gari Jekundu

Chaani, Changamwe
9 Februari 1987

Kwa Dada Mastura,

Assalaam aleikum na shikamoo nyingi. Mimi ni mzima, kikohozi kimenihama, na maradhi yaliyonibakia ni kucheka peke yangu njiani watu wakinitazama. Nipe hali ya Mama, goti na sikio. Shemeji na watoto nawasalimu mmoja mmoja, hata yule aliyenimwagia uji.

Dada, kama umesimama, kaa. Bahati imenishukia mimi mdogo wako mpaka naona haya kuitaja. Nimepata gari. Sisemi baiskeli, sisemi kile kipikipiki kilichokuwa kikinimwaga kila Ijumaa. Nasema gari la spoti, jekundu, milango miwili, limekaa chini chini hivi, ukiliingia ni kama unashuka kisimani, na likiwashwa mabati ya Chaani nzima yanatikisika.

Utauliza nimelipataje, nakujua. Kuna injinia mmoja Mgiriki wa meli, nilimtengenezea redio ya chumbani mwake huko bandarini baada ya mafundi wenye vyeti kushindwa. Siku ya kuondoka akanishika bega, akanirushia ufunguo, akasema, "Boga, gari hili litakufa mikononi mwa mtu mwingine." Mimi na watu wa ng'ambo tunaelewana, si leo. Nimekula Karachi, nimelala Durban, na polisi wa Bombay wananijua kwa jina.

Ile redio yangu ya gari niliyotoka nayo Karachi, iliyokaa kabatini miaka yote ikingoja, sasa nimeiambia iendelee kulala. Gari limekuja na yake, mpya, ya kaseti, ina vitaa vya kijani. Kasoro ni moja tu: spika zote mbili ziko mbele. Aliyekaa nyuma husikia muziki kama wa harusi ya mtaa wa pili. Basi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nitatia spika za nyuma. Kazi ya asubuhi moja. Nikimaliza nitalipeleka mpaka Likoni na kurudi, vioo chini, feri nzima wageuke.

Mwambie Mama, lakini mwambie taratibu.

Mdogo wako mwenye gari,
Boga


Langoni, Lamu
23 Februari 1987

Mdogo wangu Boga,

Waaleikum salaam, marahaba. Sisi hatujambo. Goti la Mama linapanda na kushuka na mawingu. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia akisemeshwa kwa nyuma, karibu na shingo. Ukimsemesha kwa mbele anakuona unatafuna tu.

Nilimwambia taratibu kama ulivyotaka. Yeye akawaambia Langoni yote upesi. Kisiwa hiki gari tulilolizoea ni la Serikali, na watoto hulikimbilia mpaka leo. Sasa mwanawe ana la kwake, tena jekundu. Watu wanakuja kumpa hongera, na mimi natoa kahawa kwa gari nisilolijua hata tairi.

Lakini sikukuandikia kwa hilo. Mama ameingia chumbani, amefungua sanduku, ametoa ile kaseti ya Baba akisoma kasida za Maulidi. Unaijua ni moja tu, haina pacha. Unajua pia ilivyomtoa Mama Jomvu Kuu. Mama alipomaliza eda akafunga mizigo aje kwangu, na Shangazi Mwanarusi akasimama mlangoni akitaka kaseti ibaki, kwa kuwa sauti ni ya kaka yake. Mama akasema ni ya mumewe. Shangazi akamwambia mbele ya watu, "Nenda nayo. Utairudisha mwenyewe, kwa miguu yako, pekupeku." Tangu siku hiyo hawajasalimiana, wala Shangazi hajaisikia tena sauti ya nduguye.

Mama asema hataki kuingia Ramadhani nyingine na hili kifuani. "Nitamrudishia," asema, "lakini si kwa miguu." Anataka umpakie kwenye gari lako, akae nyuma, spika ziwe kwenye sikio lake zima, Baba asome njia nzima mpaka mlangoni kwa Shangazi. Nikamwambia, "Mama, gari la milango miwili, utaingiaje nyuma na goti hilo?" Akanijibu, "Nitaingia kama mzigo. Watanitoa kama bibi harusi."

Basi hizo spika sasa si za kuwaringia watu wa feri. Zifanye vizuri. Tunatazamia mwezi wa Shaaban.

Dadako,
Mastura


Chaani, Changamwe
15 Machi 1987

Dada Mastura,

Shikamoo. Msalimu Mama, na goti alipake mafuta ya nazi ya moto, daktari mmoja wa Durban alinieleza. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechubuka, na vidole pia.

Dada, aliyelitengeneza gari hili hakukusudia mtu wa nyuma asikie chochote. Nyuma ya kiti, chini ya kioo, kuna ubao, na chini ya ubao kuna bati. Nikachukua sahani ya kikombe nikachora maduara mawili mazuri, nikakata ubao kwa kisu na bati kwa keekee na tupa mpaka meno yakaniuma. Spika ya kulia ikakaa. Ya kushoto nikaiweka, ikapitiliza, ikaanguka ndani ya buti. Sahani ni ile ile, mkono ni ule ule, matundu mawili hayafanani. Nikakata pete ya plaiwudi nikaziba. Nikafunga buti, nikasikia ko: kile chuma kinachoinua mfuniko kinagonga kitako cha spika. Kila nikifunga buti napiga ngoma.

Hilo nikalimaliza kwa tupa na matusi. Zikaja waya. Nikazipitisha toka dashibodi, chini ya kapeti, chini ya kiti cha dereva, mpaka nyuma. Zikaimba. Nikarudisha kiti ninyooshe miguu nisikilize kama bwana, zikanyamaza. Nikasogeza kiti mbele, zikaimba. Reli ya kiti imezitafuna. Ukitaka muziki lazima uendeshe magoti yakigusa kidevu.

Nikazitoa zote. Nikasema, hapa ndipo pa kutumia akili. Spika hutaka waya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, lakini sisi Changamwe tangu lini tukapoteza waya ya kurudi? Unatia moja tu toka kwenye redio, na mguu wa pili wa spika unaufunga kwa skurubu kwenye bati la gari lenyewe. Bodi nzima inakuwa waya. Nimewafungia hivyo wenye malori, wenye teksi, hata gari moja la kubebea maiti, na hakuna abiria wake aliyelalamika.

Jirani yangu Odhiambo, fundi wa redio, akaja akainama dirishani na kijiti mdomoni.

"Omera, hii redio ni mpya," akasema. "Hizi mpya hazitaki bodi. Kila spika na waya zake mbili, zirudi kwa redio yenyewe."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Tena gusa hapa juu. Unapika chai?"

Kweli redio ilikuwa ya moto. Nikamwambia ni jua la Mombasa, yeye mtu wa ziwani hajalizoea. Akacheka, akaenda zake. Watu wa redio ni waoga, Dada. Hawajafunga kitu melini huku bahari inawamwaga.

Kwa hiyo zinaimba, lakini chini chini. Ukipandisha sauti zinakoroma. Na juu ya hayo kuna bwana mmoja, Phineas, mtu wa bara, karani mkubwa wa kampuni ya kutoa mizigo. Anapita kila jioni na tai yake kuniuliza gari litakwisha lini, utadhani ni lake. Ananiumiza kichwa.

Mama asiharakishe safari. Mvua zaja, na njia ya Lamu mnaijua.

Mdogo wako,
Boga


Langoni, Lamu
28 Machi 1987

Mdogo wangu Boga,

Salamu zako zimefika, natumai vidole vimepona. Mafuta ya nazi tumeyapaka, goti linanukia wali tu, maumivu yako pale pale.

Shemeji yako ameisoma barua yako kwa sauti barazani na watu wamecheka. Mimi sikucheka. Tangu mwezi wa pili unatia spika mbili. Jirani yetu kwa muda huo amechimba choo, amekijenga na kukiezeka.

Mama hakusikia hata moja la kuahirisha. Nilimsomea nimesimama mbele yake, akasema natafuna. Nikazunguka nyuma nikamsomea shingoni, akasema amechoka, nimsomee kesho. Kesho yake akapaka hina.

Atapanda basi wiki ya tatu ya Shaaban. Mimi siwezi kumsindikiza, mtoto ana surua. Kaseti anaituma mbele kwa mkono wa Kalama, utingo wa basi la Mombasa, mtu mzima anayeaminika. Nilimkatalia. Nikamwambia, "Mama, ni moja tu duniani." Akasema, "Ndiyo maana aijaribu kwanza. Nikifika mlangoni kwa Mwanarusi na mume wangu akakwama neno la kwanza, nitaingia wapi?"

Umeona anavyoiita. Mume wangu. Amemfunga kwenye leso, akamtia manukato.

Ijaribu mara moja, sauti ya chini, uitoe, uirudishe kwenye leso. Usiwapigie wageni. Usirekodi ngoma zako juu yake. Ukifanya vingine usije Lamu.

Dadako,
Mastura


Chaani, Changamwe
8 Aprili 1987

Dada Mastura,

Shikamoo. Naomba mtoto awe amepoa surua. Barua hii usimsomee Mama, hata kwa mbele.

Kaseti ilifika salama na manukato yake. Nikanawa mikono. Nikamwita Odhiambo aje asikie mtu anavyosoma. Nikaitia. Baba akaanza, Dada, Baba yule yule, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuvuta sauti. Kikatoka nyuma yangu. Nikageuka kutazama kiti, nisikufiche. Nilikuwa sijaisikia tangu tumzike.

Uliniambia sauti ya chini. Nilianza kwa sauti ya chini, wallahi. Lakini Baba alipofika pale anapopandisha, mkono ukaenda wenyewe.

Spika zikakoroma. Baba akaanza kusoma polepole, akawa mzito kama mtu anayesinzia, akanyamaza. Vitaa vya kijani vikazimika. Kisha moshi ukatoka pale panapoingia kaseti. Odhiambo akaruka kung'oa waya ya betri, akaungua kiganja. Hakusema "nilikwambia." Nilimngoja aseme. Angesema ningepata wa kugombana naye.

Redio imekufa, na Baba yumo ndani. Haimtemi. Nimebonyeza, nimebembeleza, nimechokoa kwa kisu cha siagi. Utepe umejizonga kwenye mashine, ukivuta kwa nguvu utakatika.

Ningeifungua siku ile ile, lakini gari haliko hapa. Kumetokea kutoelewana kidogo, liko kwa mtu. Ni mambo ya wanaume, nitayamaliza. Gari ni gari, litarudi. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti: na redio, na skurubu, na Phineas, na Mgiriki, na mimi mwenyewe. Bati la malori yote ya Changamwe linakubali, hili moja linakataa.

Mzuie Mama. Mwambie njia imeharibika, mwambie nina tetekuwanga, mwambie lolote.

Mdogo wako,
Boga


Langoni, Lamu
16 Aprili 1987

Boga,

Mtoto hajambo. Salamu leo ni fupi.

Kalama ameniletea barua yako, na nyingine ya mdomo. Anasema mara ya kwanza alipopita kwako kuuliza kama una jibu, alimkuta bwana wa tai amesimama kwenye kibaraza chako, anakufokea, "Nipe ufunguo wangu, Boga." Anasema ulimpa, ukashika kichwa kwa mikono miwili, na bwana yule akaondoka na gari kama mtu anayekwenda kwake.

Sikuweza kumzuia Mama. Nilimwambia njia imeharibika, akasema atashuka asukume. Nilimwambia una tetekuwanga, akasema yeye aliiugua utotoni, haimpati tena. Barua hii anayo mwenyewe, ameifunga kwenye pembe ya leso, anaamini ni salamu. Ukiisoma basi yuko mbele yako, amekaa, anatazama mlangoni kuona gari.

Habari ya kaseti hajui. Hiyo nimekuachia wewe.

Nakuuliza neno moja, na unijibu neno moja. Gari ni la nani?

Mastura


Chaani, Changamwe
27 Aprili 1987

Dada Mastura,

Assalaam aleikum, na shikamoo yako naitoa nimeinama. Mama mzima. Yuko Jomvu Kuu, analala kwa Shangazi, goti limevimba lakini ulimi umepona. Naomba barua hii ikukute umepoa kidogo.

Kalama alipoondoka na barua yangu, nilimfuata Phineas kwake. Alikuwa ameketi nje na mkewe Jerioth, gari limesimama hapo, buti wazi. Akanitazama, akasema, "Umekuja kunitobolea na paa?"

Nikamwambia, "Bwana Phineas, mle ndani yumo baba yangu."

Akadhani nimelewa. Jerioth akaniuliza baba gani. Nikamweleza, nikamweleza vibaya. Akamgeukia mumewe akamwambia kwa lugha yao maneno machache sana. Phineas akaingia ndani, akatoka na bisibisi.

Nilimpa redio yangu ya kabatini, ile niliyokuwa siwaachii hata muiguse, iwe badala ya ile iliyounguzwa na mkono wangu. Niliifunga mwenyewe palepale, spika za mbele tu, waya mbili mbili. Ilipowaka nikaona uchungu, maana ilikuwa na sauti nzuri, na mimi sikuwahi kuisikia. Spika za nyuma Phineas alizing'oa akanirushia miguuni. "Na hizi ondoka nazo," akasema. "Hayo matundu nitawekea vikombe vya chai."

Mimi na Odhiambo tukaifungua iliyoungua. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kijigurudumu cha mpira. Odhiambo akashika taa kwa mkono wake mzima, mimi nikashika pumzi. Tukautoa kidogo kidogo, tukaunyoosha juu ya kucha, tukaurudisha kwa kuzungusha kalamu. Umetoka mzima isipokuwa kipande kimoja kimekunjamana, pale pale Baba anapopandisha.

Mama akafika na tope mpaka magotini, basi lilizama karibu na Garsen. Akakaa, akafungua pembe ya leso, akanipa barua yako, akatazama mlango. Nikaisoma mbele ya uso wake, Dada, na nikatabasamu kama mtu anayesoma salamu. Hiyo peke yake ni adhabu.

"Gari liko wapi?"

Nikazunguka nyuma yake nikamwambia, linaumwa.

Akafikiri. "Na spika?"

"Spika zipo."

"Basi tunangoja nini?"

Ndipo Odhiambo akaleta mkokoteni wake, ule anaobebea betri za watu za kuchaji. Tukaweka juu yake betri ya lori, na redio yake ya kaseti ya zamani, na spika zangu mbili nikazifunga kwenye mbao kwa nyuma, kimo cha shingo ya mtu aliyekaa. Kila moja na waya zake mbili. Odhiambo alizihesabu, akaweka kijiti mdomoni.

Mama nilimpandisha gari la abiria mpaka njia ya kuingilia Jomvu Kuu. Odhiambo alikuwa ametutangulia na mkokoteni, amelowa jasho. Mama akautazama. "Mimi si gunia la mkaa," akasema, akaanza kutembea. Goti likamkatalia hatujafika mbali. Akasimama, akashika kiuno, akasema bila kunitazama, "Nitandikie leso."

Tukampandisha. Akakaa anatazama mbele, spika nyuma ya shingo. Nikabonyeza.

Baba akakohoa kidogo, akaanza. Nikaona kichwa cha Mama kikiegemea kulia. Tukasukuma. Watu wakatoka majumbani wakidhani ni matangazo ya dawa ya kunguni, wakasikia ni kasida, kisha wakasikia ni nani. Msikitini wazee wawili wakasimama na viatu mkononi. Mmoja akaitikia kiitikio, mwingine akapokea, wakatufuata.

Kipande kile kilichokunjamana kikafika tukiwa mlangoni kwa Shangazi. Ungesema kilikuwa kinatungoja. Baba akapandisha, sauti ikayumba, ikalegea, ikawa ya mtu aliyemeza pilipili, ikarudi. Shangazi Mwanarusi alikuwa ameshatoka, kanga inaburura. Hakumtazama Mama. Akaupita mkokoteni mpaka nyuma, akasimama karibu na spika, akaweka kiganja juu ya moja kama mtu anayempima mtoto homa. Mimi nilitamani ardhi inifungukie. Mama aliniagiza jambo moja tu, mumewe asikwame mlangoni.

Shangazi akasema, "Nani ameiharibu sauti ya kaka yangu?"

Kwa kuwa alikuwa nyuma yake, Mama akamsikia. Akajibu bila kugeuka. "Nani mwingine."

"Boga?"

"Boga."

"Tangu mdogo," akasema Shangazi. "Aliifungua saa ya ukutani ya babake, mpaka leo haijui adhuhuri."

"Na cherehani yangu."

"Na cherehani, kweli. Na kile kitasa cha choo, tukamfungia bibi yake ndani."

Wakaendelea, Dada, mmoja juu ya mkokoteni, mmoja nyuma yake, wakinitaja mimi na kila kitu nilichopata kukigusa, na Odhiambo akicheka mpaka akakaa chini. Kisha Shangazi akashindwa kumaliza neno. Akaegemeza paji la uso kwenye bega la Mama kwa nyuma, Baba akawasomea.

Tulipomshusha Mama akasema, "Lakini sikuja kwa miguu, Mwanarusi." Shangazi akasema ameona. Kaseti sasa iko kwenye kabati la Shangazi, na ufunguo wa kabati anao Mama. Spika nimewaachia, na Odhiambo amewaachia redio yake ya zamani, asema ilikuwa inamjazia meza.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heri. Lakini sikiliza. Mama amemwambia Shangazi kwamba gari langu likipona, Idi mosi nitawachukua wote wawili mpaka Likoni, wakae nyuma, wapande feri bila kushuka. Wameshachagua leso za sare. Kila nikienda kuwasalimu wananiuliza fundi anasemaje. Shangazi ameniuliza ni jekundu gani, la damu au la komamanga. Nikamwambia komamanga. Nikatoka nje nikapiga ukuta teke, na kidole kimevimba. Nikinyamaza naongopa, nikisema nawaharibia Idi, na yote haya niliyaanza mwenyewe bila kusukumwa na mtu, kwa raha ya kuandika tu.

Ramadhani iwe ya baraka kwenu. Mbusu mtoto wa surua.

Mdogo wako,
Boga

Lile neno moja nimelikimbia karatasi nzima. Mgiriki hayuko. Karachi sikufika, ile redio niliinunua sokoni Mwembe Tayari, hapa hapa Mombasa. Gari ni la Phineas, alinipa nilitie spika. Halikuwa langu hata siku moja.